Ng'ombe Aliyejificha Ndani ya Neno



Juzi, jua limeshapinda, jirani yangu aliniletea karatasi. Ni mama mshonaji. Ana kibanda chake njia panda, cherehani nne, na mabinti watatu anaowafundisha kazi. Alikuwa ameomba mkopo anunue mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za nguo zisifumuke. Akakaa mkekani, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akasema, "Mwalimu, hapa wanataka chattel. Mimi vyeti nilivyo navyo ni cha kuzaliwa na cha ndoa. Wanataka kipi?"

Nikamwambia, mama, hicho si cheti. Ni neno la wanasheria wa Kiingereza, maana yake mali ya mtu isiyokuwa ardhi. Hata hivyo, chini ya mstari ule mkopeshaji alikuwa ameweka tafsiri ya Kiswahili: "mali binafsi za mkopaji." Mama alipoisoma akashtuka. "Binafsi? Na kile kiwanja changu cha Chanika, si changu binafsi? Nacho kimo?"

Swali lile lilinikosesha usingizi. Kwa Kiingereza cha mkataba ule, kiwanja hakimo. Kwa Kiswahili chake, kimo, tena simjui Mswahili atakayeusoma mstari ule vingine. Karatasi ni moja na sahihi ni moja, ila lugha mbili zinasema mambo mawili, na anayebeba hatari ni mama wa cherehani nne. Kwa hiyo leo naomba tukae na neno hili moja tu, tulifuate lilikotoka, maana kosa la tafsiri ile limeanzia huko mbali.

Asili yake ni kichwa. Walatini waliita kichwa caput, na kutoka hapo wakapata capitale, yaani kitu cha kichwani, kikuu, cha msingi. Katika Kilatini cha zama za kati neno hilo likawa na maana ya mali, fungu kuu la utajiri wa mtu. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, walivuka bahari na Kifaransa chao, na neno likaingia kwa milango miwili. Wafaransa wa kaskazini walitamka catel, wale wa maeneo ya kati wakatamka chatel. Kwa karne kadhaa matamshi yote mawili yalimaanisha jambo lilelile, mali yoyote ya mtu, hai au isiyo hai. Kisha yakaachana: catel akabaki zizini kwa mkulima, akawa cattle, ng'ombe, chatel akaenda mahakamani, akawa chattel. Baadaye wafanyabiashara walirudi tena kwa Kilatini kilekile wakachukua capital, mtaji. Ng'ombe, samani na mtaji ni ndugu wa tumbo moja. Mfaransa wa leo akitaja mifugo ya shamba bado husema cheptel, na ni neno hilohilo.

Wala halikuwa la kwanza kuzaliwa zizini. Waroma wa kale waliita fedha pecunia, na ndani yake mna pecus, mifugo.

Sasa tugeukie kwetu. Neno mali tumelipata kwa Waarabu. Watunzi wa kamusi wa zamani wa Kiarabu wameeleza kwamba Waarabu wa jangwani walipotaja mal, mara nyingi walikusudia ngamia, kwa kuwa ngamia ndio waliokuwa sehemu kubwa ya utajiri wao. Na sisi tunalo neno jingine, tunalitumia kila siku bila kulitazama usoni: rasilimali. Lipasue utaona ras, kichwa, na mal, mali. Kichwa cha mali! Mlatini na Mwarabu, kila mmoja kwa njia yake, walipotafuta jina la mali ya msingi, ile inayozaa nyingine, wote walishika kichwa. Mwarabu hata leo huhesabu mbuzi na kondoo wake kwa kutaja vichwa. Napenda jambo hili kwa moyo wote. Tunapotangaziwa kwamba neno fulani la sheria ni la kigeni mno, halina nyumba katika Kiswahili, mara nyingi nyumba ipo na taa inawaka.

Lakini bado sijamjibu mama, kwa sababu shida yake haikuwa neno chattel lenyewe. Shida ilikuwa lile "binafsi".

Wanasheria wa Kiingereza waligawa mali mafungu mawili. Ardhi na vilivyoshikamana nayo wakaviita mali ya real; vingine vyote, kuanzia ng'ombe hadi kijiko, wakaviita mali ya personal. Mfasiri mwenye haraka anaona personal, anaandika "binafsi". Anaona real, anaandika "halisi". Nimeyaona maandishi yenye "mali halisi", kana kwamba cherehani ya yule mama ni ya bandia.

Real ile imetoka kwa res, neno la Kilatini lenye maana ya kitu. Na personal ile haisemi kwamba mali ni ya siri ya mtu au ni ya mtu mmoja peke yake. Inasema juu ya madai. Katika mahakama za Uingereza za zama za kati, ukinyang'anywa shamba, ulifungua madai ya kulidai shamba lenyewe, na ukishinda unarudishiwa shamba, udongo uleule, mipaka ileile. Ukizuiliwa ng'ombe wako, habari ilikuwa nyingine. Ulimshitaki mtu. Na yule mtu akishindwa alikuwa na hiari: akurudishie ng'ombe, au akulipe thamani yake. Shamba lilidaiwa kama kitu. Ng'ombe alidaiwa kwa kumbana mtu. Ndiyo maana moja likaitwa dai la kitu na lingine dai la mtu, na majina ya madai yakaishia kubandikwa kwenye mali yenyewe. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1854 ndipo Bunge la Uingereza likazipa mahakama uwezo wa kumwamuru mdaiwa akirudishe kitu chenyewe bila kumwachia hiari ya kulipa.

Fikiria uzito wake, msikilizaji. Mtu amezuia ngao ya marehemu babako, anakuwekea sarafu mezani, na sheria inasema mmemalizana. Sheria ile iliamini kwamba kila kisichokuwa ardhi kina bei, na bei ni sawa na kitu. William Blackstone, aliyeandika maelezo mashuhuri ya sheria za Kiingereza katika miaka ya 1760, alikiri kwamba wazee wao waliidharau mali ya aina hii kwa sababu ni ya kupita, haidumu. Ardhi ndiyo iliyompa mtu cheo. Ardhi ilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, na hadi mwaka 1540 sheria za kawaida za Uingereza hazikumruhusu mtu kuirithisha kwa wosia, ilhali vyombo na mifugo aliweza kuviusia. Mali moja ilifuata damu, nyingine ilifuata kauli ya mwenyewe.

Hebu sasa rudi kwenye "mali binafsi". Sisi tunapotamka hivyo tunatofautisha na mali ya umma, mali ya kijiji, mali ya ushirika. Kiwanja cha Chanika ni mali binafsi ya mama, ndiyo, kwa Kiswahili safi kabisa. Mfasiri ameshika vazi la neno akaliacha neno lenyewe limesimama barabarani.

Je, tuseme nini? Maandishi ya sheria kwa Kiswahili huelekea kutumia "mali inayohamishika" na "mali isiyohamishika", na mimi nasimama upande huo bila kusita. Nasimama hapo kwa sababu maneno hayo yanabeba swali ambalo sheria yenyewe inauliza: je, kitu hiki kinaondoka hapa kilipo bila kuharibika? Mafakihi wa Kiislamu waliuliza hilohilo. Walitenganisha akar, mali isiyotikisika, na mankul, mali inayohamishwa. Na mankul hiyo imetoka kwenye kitenzi kilekile kilichotupa nakala, nakili na nukuu. Kunakili ni kuhamisha maneno kutoka karatasi hii hadi ile. Sikio la Mswahili limelijua wazo hili karne nyingi kabla ya sheria ya Kiingereza kutia nanga pwani.

Hata hivyo nisiwadanganye kwamba mstari huo umenyooka. Huko Uingereza kwenyewe, mpangaji aliyekodi shamba kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa na chattel, ingawa ardhi haiendi popote, kwa sababu tu dai lake halikuwa lile la kudai udongo. Kwa Wafaransa mambo yalipinda upande wa pili: kanuni ya madai ya mwaka 1804 ilimhesabu ng'ombe wa kulimia, aliyewekwa na mwenye shamba kwa ajili ya shamba hilo, kuwa mali isiyohamishika. Pamoja naye njiwa wa kwenye banda lao, mizinga ya nyuki na samaki wa bwawani. Wasikilizaji wetu wa Bukavu, Bujumbura na Lubumbashi wameurithi mgawanyo wa Kifaransa kupitia Wabelgiji, na huko wanasheria wakisema meubles wanamaanisha kila kinachohamishika, hata kama barabarani neno hilo ni viti na makabati tu.

Na pwani yetu? Hapa ndipo mgawanyo wa Kiingereza uligonga mwamba. Kanuni yao ya zamani inasema kilichopandwa au kujengwa ardhini ni mali ya mwenye ardhi. Sasa nenda Mombasa, ingia mitaa ya zamani ya nyumba za Kiswahili. Utakuta mwenye nyumba si mwenye kiwanja. Amejenga kwa udongo, boriti na bati lake, analipa kodi ya ardhi kwa mwenye ardhi, na nyumba anaiuza, anairithisha, anaipangisha, na jirani hawashangai. Nenda Unguja na Pemba. Mkarafuu una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mtu anaweza kurithi minazi mitano katika shamba la mtu mwingine, akaja kuangua, akaondoka. Wazee hawakuona ajabu yoyote, kwa sababu kwao mti ulikuwa kazi ya mikono ya aliyeupanda, na udongo haukumeza kazi hiyo.

Mnazi hauhamishiki. Ila haumfuati mwenye udongo. Sasa uweke fungu gani, la ardhi au la chattel? Mahakimu wa kikoloni waliokuja na vitabu vya London walikuta kitu ambacho vitabu vyao havikuwa na rafu yake. Nikisikia mtu anasema Kiswahili ni kichanga katika mambo ya sheria, huwa nautazama mnazi ule.

Kuna ukurasa mwingine wa neno hili, na siwezi kuuruka, ingawa ni mzito. Neno lililoanza kwa vichwa vya ng'ombe lilikuja kuwekwa juu ya vichwa vya watu. Katika makoloni ya Waingereza ng'ambo ya Atlantiki, watunga sheria walikaa wakajiuliza, kwa utulivu kabisa, mtumwa awekwe fungu gani. Virginia, mwaka 1705, iliamua mtumwa ahesabiwe kama ardhi, ili awafuate warithi pamoja na shamba. South Carolina, mwaka 1740, iliamua vingine: mtumwa ni chattel, na watoto wake, na watoto wa watoto wake. Mama yuleyule anayenyonyesha angekuwa udongo katika koloni moja na kijiko katika jingine. Kwa kuwa amekuwa chattel, aliweza kuwekwa rehani, kukamatwa kwa deni la bwana wake, kugawanywa katika mirathi, mume huku, mke kule. Hatimaye waliopinga utumwa walilichukua neno hilohilo wakalifanya shitaka, na hadi leo utumwa wa namna ile huitwa kwa Kiingereza utumwa wa chattel.

Nasi tusijifiche nyuma ya lugha. Kiswahili kilimwita mtumwa, aliyetumwa, neno linalotokana na kazi na wala si na kitu. Lakini pale Mkunazini, Unguja, watu waliuzwa hadi Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko mwaka 1873. Na baada ya soko kufungwa, ilipita miaka 24, hadi 1897, ndipo amri ikatoka Zanzibar kwamba mahakama hazitatambua tena hali ya utumwa. Na waliofidiwa kwa amri ile walikuwa mabwana. Kufidia ni kulipa thamani ya kitu. Ile hesabu ya zamani, bei badala ya kitu, ilikuwa imefika Unguja.

Mke naye aliguswa na neno hili. Kwa sheria ya Kiingereza ya zamani, mwanamke alipoolewa, chattel zake zote, pete, vyombo, fedha zake, zikawa za mume siku hiyohiyo. Sheria ya mwaka 1882 ndiyo iliyomrudishia. Bibi zetu wa pwani, walioshika mahari yao na vidani vyao kwa haki ya dini kabla na baada ya harusi, wangeishangaa Uingereza ile. Kenya iliendelea kuitumia sheria hiyo ya 1882 hadi ilipotunga yake mwaka 2013.

Sasa turudi kibandani kwa mama, maana neno hili halijafa. Tanzania tunayo sheria ya kuhamisha chattel, Sura ya 210. Kenya ilikuwa nayo yake ya mwaka 1930. Kazi ya sheria hizi ni rahisi kuieleza. Zamani rehani ilikuwa mkononi: unachukua fedha, unaacha kitu. Ukiacha kidani, sawa. Fundi akiacha cherehani, atashonea nini hadi alipe? Kwa hiyo sheria ikaruhusu kitu kibaki kwa mkopaji huku haki juu yake ikiwa kwa mkopeshaji, kwa sharti kwamba mapatano yaandikwe na kusajiliwa. Usajili ni kwa ajili ya mtu wa tatu, yule anayepita njiani, anaona cherehani kibandani, anadhani ni huru, anainunua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria nzima ya chattel ni daftari hilo.

Mwaka 2017 Kenya iliifuta ile sheria ya 1930, ikaweka sheria mpya ya dhamana juu ya mali inayohamishika. Jina la chattel likaondoka, swali la kuhamishika likaingia. Chini ya sheria hiyo mkulima anaweza kukopa kwa dhamana ya mazao au ya mifugo yake. Ng'ombe aliyekuwa amejificha ndani ya neno ametoka, amesimama kaunta ya benki.

Kuna kinga moja ninayotaka kila fundi aijue. Sheria za mwenendo wa madai, Tanzania na Kenya, zinamzuia dalali wa mahakama kukamata nguo za lazima za mdaiwa, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko yake, na vitendea kazi vya fundi. Hata hivyo kinga hiyo ni ya mtu anayekamatiwa mali kwa hukumu ya deni. Aliyeziweka cherehani zake rehani kwa sahihi yake mwenyewe amempa mkopeshaji haki juu ya cherehani hizo. Kwa hiyo orodha ya vinavyowekwa rehani ndiyo roho ya mkataba, na maneno mapana kama "mali binafsi zote" ni shimo lililofunikwa kwa majani.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Nilifurahi mno siku ile, na bado nafurahi. Ndiyo sababu nawaomba wafasiri, kwa heshima yote: mkikutana na neno la Kiingereza lenye mvi, msilivue kanzu mkatuletea kanzu. Ulizeni kwanza lilikuwa linajibu swali gani, kisha mliulize swali hilo kwa Kiswahili.

Jumatatu nilimsindikiza mama kwa mkopeshaji. Afisa alikuwa kijana msikivu. Alitusikiliza, akamwita mkubwa wake, wakazungumza pembeni, kisha akapiga mstari juu ya "mali binafsi za mkopaji", wote wakatia sahihi ndogo pembeni. Juu yake akaandika: mali zinazohamishika zifuatazo. Mama akamtajia moja moja naye akiandika pamoja na namba za mashine: cherehani nne, meza ya kukatia, na ovaloki itakaponunuliwa. Kiwanja hakikutajwa popote.

Kijana akauliza kama kuna kitu kingine kibandani. Mama akasema hapana. Njiani nikamkumbusha kuhusu pasi ya mkaa, ile nzito yenye jogoo wa shaba kwenye kifuniko. Akatembea hatua kadhaa bila kujibu. "Ile ni ya marehemu mama," akasema. "Wangeniuliza bei yake, ningewaambia nini?"